Adhana ya Dar, Jua la Chimala

Basi lilitoka Iringa saa nane mchana. Nilikaa dirishani upande wa kushoto, simu mkononi, nimefungua programu inayoonyesha latitudo (uko kaskazini au kusini kiasi gani kutoka ikweta) na longitudo (uko mashariki au magharibi kiasi gani). Haili bando; inanasa setilaiti tu, hata pale mtandao unapokata. Mjini Iringa ilisoma nyuzi 7 na dakika 46 kusini, nyuzi 35 na dakika 42 mashariki; dakika hizi si za saa, ni nyuzi moja iliyogawanywa mara sitini.

Hadi Makambako namba zote mbili zinatembea, kwa kuwa barabara inaelekea kusini-magharibi: latitudo inapanda, longitudo inashuka. Nyuzi 8 tulizivuka kabla ya Mafinga. Makambako abiria wa Njombe wakashuka, wauza mahindi ya kuchoma wakajaa madirishani.

Kuanzia hapo ndipo safari iliponinogea. Makambako na Mbeya ziko karibu kwenye mstari mmoja wa latitudo, kwa hiyo nyuzi 8 hazikubanduka tena. Longitudo ndiyo iliyokuwa ikiporomoka kadiri tulivyokimbilia magharibi: Igawa, kisha Chimala, milima kushoto, tambarare ya Usangu kulia.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, umeangukia Machi. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye kofia ya kiua na pakiti ya tende mapajani. Tulipokaribia Chimala, redio ya dereva, iliyonasa kituo cha Dar, ikatoa adhana ya Magharibi. Kijana wa kiti cha mbele akafungua chupa ya maji.

"Hiyo ya Dar, mwanangu," mzee akamwambia. "Tazama jua."

Tukatazama kupitia kioo cha dereva. Ukinyoosha mkono, jua lilikuwa bado vidole vitatu hivi juu ya upeo. Kijana akafunga chupa, hakufurahi.

Nikamwambia mzee kwamba hata simu inakubaliana naye. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi moja kila dakika 4. Dar iko nyuzi 39 na ziada, Chimala 34; tofauti ni nyuzi 5 na kidogo, jua linachelewa kama dakika 21.

"Na saa yangu je? Mbona ni ileile ya Dar?"

Hapo ndipo penye utamu. Saa ya nchi nzima imepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa Tanzania hata kidogo. Unapita jirani na Mogadishu. Mbeya iko nyuzi 33 na nusu hivi, kwa hiyo jua lake la utosini linafika, kwa wastani, saa saba kasorobo. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani huona jioni za Mbeya ndefu.

Mimi latitudo naiheshimu zaidi. Ikweta ipo tu, dunia yenyewe imeiweka kwa kuzunguka kwake, na baharia wa zamani aliweza kujua latitudo yake kwa kupima urefu wa jua adhuhuri. Longitudo haina mwanzo wa asili. Mstari wa sifuri ulikubaliwa mkutanoni Washington mwaka 1884, ukapitishwa Greenwich, Uingereza. Wangeweza kuupitisha Chimala, na hesabu zingekwenda vilevile.

Jua lilipozama mzee akapiga bismillah, akagawa tende mpaka kiti cha mbele.

Tulipofika Uyole, mlangoni mwa Mbeya, shemeji akapiga simu: nimtumie nilipo. Nikaziangalia zile namba kwa desimali: -8.9, 33.5; alama ya kutoa maana yake kusini. Ukisahau alama ya kutoa kwenye 8.9, Mbeya inahamia Sudan Kusini. Ukizipindua, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, unaangukia Atlantiki, nje kidogo ya pwani ya Morocco. Na shemeji ninamjua.

Nikamwandikia: "Nipo stendi ya Nane Nane, kwa wauza chipsi."