Ninavyolinda kuku na chakula chao bila sumu

Ukiuliza dawa ya panya bandani, wa kwanza kukujibu atakwambia weka sumu. Ushauri huu unanikera. Sumu nyingi za panya huchukua siku kadhaa kuua, na katika siku hizo panya hujikokota mchana kweupe mbele ya kuku, ambao nyama hawaikatai. Kuku akimdonoa au paka akimla, sumu ile inahamia kwao.

Mimi naanza na chakula, kwa sababu panya akishiba pumba za kuku, nyoka naye anamfuata panya. Kuku wa mayai aliyekomaa hula kama gramu 120 kwa siku, hivyo kuku 10 wanatosheka na kilo moja na robo. Kuku hali gizani. Kilichobaki jioni ni cha panya. Kwa hiyo napima asubuhi, jioni naondoa vyombo na kufagia chenga. Akiba inakaa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko unaobana, juu ya matofali. La plastiki panya hulitafuna kuanzia ukingoni, anapopata pa kushika jino. Sinunui cha zaidi ya mwezi, maana hakuna pipa linalozuia fukusi waliokuja na nafaka. Na kikiota ukungu, tupa. Kukianika hakuondoi sumu ya ukungu, hata wakikwambia nini.

Fahari yangu ni kilishio cha kukanyaga: sanduku la bati ambalo mfuniko wake huinuka kuku anaposimama kwenye ubao wa mbele. Siri yote ni uzito. Kuku mkubwa ana kilo moja na nusu hadi mbili. Panya mkubwa kwa kawaida hafiki nusu kilo. Ongeza chuma juu ya mfuniko mpaka ubao ushuke kwa kilo moja tu na ugome chini ya hapo, hata panya wawili wakipanda pamoja wasiambulie kitu. Jaribu kwa mfuko wa mchanga uliopimwa, si kwa kidole.

Wengi hukisimamisha, kuku wakasusa, wakasema kifaa ni kibovu. Kuku huogopa kitu kinachosogea na kugonga. Zuia mfuniko kwa kijiti ubaki wazi kabisa, wale kwa amani siku kadhaa. Kisha shusha kijiti, ubaki nusu wazi na kutikisika kidogo wanapokanyaga. Kijiti kitoe asubuhi wakiwa na njaa. Gundisha mpira ukingoni kupunguza kelele. Akijua mmoja, wengine humwiga. Vifaranga wale kwingine, mfuniko usije ukawabana kuku mkubwa anaposhuka.

Wavu sasa. Ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, haumzuii mbwa kuupasua wala nguchiro kupenya. Tumia wa chuma uliochomelewa, matundu milimita 12, ukazwe kwa skrubu na ubao mwembamba juu yake. Pini ndogo hung'oka ukivutwa. Kuchimba mtaro na kuuzika wima ni kujichosha. Mimi naulaza chini kwa nje, sentimita 45 kutoka ukutani, naufunga na wavu wa ukuta pasiwe na upenyo, kisha naufunika na udongo kidogo. Mnyama hufukua palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya hajaribu kurudi nyuma. Mlango uwe na komeo mbili, na upenyo wa chini usizidi ule wa wavu.

Vidonge vya nguo (naftalini) kwa ajili ya nyoka? Havimfukuzi, na kuku akivimeza ni sumu. Fyeka majani, ondoa rundo la mbao, okota mayai kabla ya jioni.

Panya waliosalia nawategea mtego wa kubana, ukiwa mkabala na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiufuata. Kwanza uache na chambo bila kuutega usiku kadhaa. Kitu kipya humtia wasiwasi. Uweke ndani ya sanduku refu, sentimita 30 kutoka tundu la sanduku la kuingilia panya, ambako shingo ya kuku haifiki.