Nilivyowafundisha kidato cha pili kukataa bila kugombana

Mtoto wa Tanga anajua kukataa kabla hajaanza shule. Apite barazani watu wakila, ataambiwa "karibu", naye atajibu "ahsante, bismillahi" huku anaendelea na safari yake. Hakuna anayenuna, wala anayemuuliza kwa nini hataki kula. Jibu hilo ndilo nililolijengea somo zima, ingawa nilifika hapo kwa kuzunguka.

Nafundisha Uraia kwenye sekondari ya kutwa hapa mjini, na kwa kuwa nimepewa pia ushauri nasaha, kesi za wanafunzi hupitia kwangu: waliokutwa ufukweni Raskazone saa za vipindi, waliokamatwa na mirungi mfukoni, waliotia hela ya mtihani kwenye mkeka wa kubeti. Ukikaa na mmoja mmoja, wengi watakwambia hawakukitaka hicho kitu. "Walinishawishi, mwalimu." Ukiuliza uliwajibu nini, anaangalia viatu vyake. Stadi za maisha zimo kwenye mtaala, na wanafunzi wangu wanaweza kukuandikia maana yake kwa Kiingereza safi wakapata alama zote. Ila mshikaji anayekunyooshea kipisi cha sigara uchochoroni Ngamiani haongei Kiingereza. Kwa hiyo Alhamisi jioni, kwenye saa ya klabu, tukahamia Kiswahili.

Vitisho sikuvitaka. Marekani walianzisha mwaka 1983, pale Los Angeles, mpango wa kuwaingiza polisi madarasani kuwaonya watoto juu ya dawa za kulevya. Ukaenea nchi nzima, lakini wataalamu walipoupima waliona tofauti ndogo mno kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Sikushangaa. Watoto wa hapa wanapishana na mateja wakienda dukani, kwa hiyo picha ya teja ukutani haiwaambii jipya. Wanachokosa ni maneno ya kusema jioni, mbele ya marafiki wanne wanaowapenda.

Kazi ya kwanza ikawa kukusanya maneno ya washawishi. Nilidhani wataona haya. Wapi! Ubao ulijaa: "Mara moja tu." "Unaogopa mama?" "Acha ushamba." "Kumbe wewe si mwenzetu." "Sisi tumevuta, tumekufa?" Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwenye Uraia hajawahi kunyoosha mkono, alisimama akayasema yote kwa sauti zake, mpaka lile la upole, "basi shika tu, usivute", darasa likavunjika mbavu. Huyo ndiye nikamfanya mshawishi mkuu wa maigizo yetu. Ni kazi aliyoifanya kwa moyo, na nina hakika ilimfundisha kuliko waliokuwa wanakataa.

Kisha nikawafanyia mchezo niliousoma zamani. Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1950 aliwakalisha vijana wakilinganisha urefu wa mistari, lakini wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Wengi wa waliowekewa mtego huo walifuata kundi angalau mara moja, na huku macho yao yanaona. Nilimtuma kiranja kuchukua chaki ofisini, nikalipanga darasa, nikachora mistari. Aliporudi na kusikia wenzake mmoja baada ya mwingine wakiutaja mstari mfupi kuwa ndio mrefu, alitabasamu, akajikuna shingo, akakubali. Kiranja! Tulipomfichulia alicheka kuliko wote, nami nikahakikisha hachekwi yeye bali sisi sote. Zamu ya pili nilimtuma msichana, safari hii nikamwacha mtu mmoja aseme ukweli kabla yake. Msichana akashikilia jibu lake bila wasiwasi. Asch naye aliona hivyohivyo: akiwepo mwenza mmoja tu, makosa yalishuka mpaka kama robo.

Hapo ndipo wanafunzi wenyewe walipodai kupangwa wawiliwawili. Kila mmoja ana mwenza, na kazi ya mwenza ni kuwa wa pili kusema "hata mimi naondoka". Ukiniuliza nibakize kitu kimoja katika yote tuliyofanya, nitabakiza hiki.

Majibu yenyewe tuliyachonga kwa mtindo wa ile bismillahi. Yawe mafupi, yasiwe na hotuba, na miguu iwe imeshaanza kutembea. Mwanafunzi anayeeleza sababu tatu za kutovuta anafungua mjadala wa sababu tatu, na washawishi wa mtaani ni hodari wa mjadala. "Ahsante, situmii." Akirudia, unarudia hayohayo kwa sauti ileile. Wengine walipenda utani wa mpira, "pafu langu moja nalitunzia Coastal Union", na wenye kipaji hicho niliwaruhusu, maana mtu akishacheka ni vigumu kukulazimisha.

Kwenye visingizio tukagawanyika. Kijana mmoja aliyelelewa vizuri chuoni, yaani madrasa, alisema kusema "mzee ananisubiri" wakati hakusubiri ni uongo, na uongo ni dhambi. Alikuwa na hoja, na mimi naongeza kwamba kisingizio cha uongo kinahitaji mwenzake kesho. Tukakubaliana kutumia vya kweli: wengi wana chuo saa kumi, wengine wanamsaidia mama kukaanga bagia. Nililipeleka pia kwenye kikao cha wazazi, nikawaomba wakubali kusingiziwa. Mama mmoja akasimama: "Mwanangu anisingizie mimi. Aseme mama ananinusa mdomo nikirudi. Na kuanzia leo nitamnusa, isije ikawa uongo." Ukumbi ukapiga makofi, mwanawe nadhani hakufurahi.

Wasichana walinikumbusha kwamba yote haya ni ya kukataliana na rika. Kwao usumbufu mkubwa ni lifti, na mwenye pikipiki ni mtu mzima, pengine jirani wanayemwamkia shikamoo kila asubuhi. "Nikimkatalia ataniona sina adabu," alisema mmoja. Hapa bismillahi haifai. Mtu mzima anayembembeleza mwanafunzi apande pikipiki hadaiwi upole, na hilo nililisema wazi mbele ya wavulana pia. Tulifanya mazoezi ya kusimama mbali na pikipiki, kusema "sipandi" kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, kuingia duka lolote lenye watu, kisha kumwambia mtu mzima siku hiyohiyo bila kungoja kuona kama mwenye pikipiki atarudi. Sauti ndiyo iliyotutoa jasho. Kwa wasichana waliofunzwa kusema chini, "sipandi" ilitoka kama kunong'ona, ikabidi twende uwanjani. Jirani mmoja alichungulia ukuta kuuliza kuna nini.

Jibu walilolipenda kuliko langu walilitoa mtaani. Marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, na madereva wanaijua namba hiyo vizuri. "Kaka, 30 hizo!" Aliyeniambia amelitumia alisema pikipiki iliondoka bila hata kuaga.

Kesi hazijaisha, nisidanganye mtu. Kubeti kumenishinda kuliko sigara, kwa sababu anayeshawishi ameshinda kweli juzi na hela anayo mkononi. Ila sasa wanakuja kabla, wanaeleza walichoambiwa na walichojibu, tunarekebisha.

Kinachotusumbua muhula huu ni magrupu ya WhatsApp. Huko hakuna kutembea ukaenda zako, ukijitoa wote wanasoma kwamba umejitoa, na simu haziruhusiwi shuleni, hivyo tunafanya mazoezi kwenye karatasi zinazopitishwa dawati kwa dawati. Mshawishi wetu mkuu amependekeza mtu azime sauti ya grupu, akae kimya kwa mialiko yote, na ajitokeze tu kuuliza matokeo ya mechi ya Mkwakwani. Wenza wawili wamekubali kuijaribu likizo hii.