Koboldi mwenye kazi ya kufanya

Kwenye mchezo wetu wa hadithi na dadu, ambao mimi ndiye mwendesha mchezo na ndiye ninayewachezesha maadui, shemeji yangu anamchezesha mpiganaji mwenye deraya kamili na ngao. Jana usiku, nilipotaja tu koboldi, wale viumbe wadogo na wanyonge wa mchezo huu, aliweka dadu yake mezani. "Kaka, hawa tulishawamaliza zamani. Tuletee joka." Nimeamka na maneno hayo kichwani, kwa sababu mimi nawapenda maadui wanyonge kuliko majoka, na nataka nijiandikie kwa nini.

Kwanza hesabu, maana wengi hawaipigi. Katika Dungeons & Dragons ya toleo la tano, lile la 2014, koboldi ana pointi 5 tu za uhai. Pigo moja la upanga linamtosha. Kinga ya shemeji, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige, ni 20, na koboldi huongeza 4 kwenye dadu ya pande ishirini, kwa hiyo akipata 16 au zaidi amempiga. Hiyo ni robo ya marusho yote. Ila koboldi akiwa na mwenzake karibu na adui huyohuyo, anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na nafasi yake inapanda hadi karibu asilimia 44. Wanane wakimzunguka mtu mmoja, kwa wastani watatu au wanne watampata, na kila mmoja atamng'oa pointi 4 au 5. Raundi tatu za namna hiyo si mchezo, hata kwa mwenye deraya. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, kinga za mashujaa zilipanda mno hadi mnyonge akabaki kuomba dadu imwangukie 20 tupu. Ndiyo maana nalipenda hili la tano: mnyonge hapotezi thamani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini wingi peke yake unachosha. Mchawi anarusha mpira mmoja wa moto na wote wanalala, au wachezaji wanakaa wakinisubiri mimi nirushe dadu nane huku chai inapoa. Mimi naamini jambo moja: adui mnyonge asije mezani kumuua shujaa. Aje na kazi yake. Kuna kengele anataka kuigonga, mlango anataka kuufunga, mtoto wa chifu anataka kumtorosha. Akiwa na kazi, shujaa analazimika kuchagua, na hapo ndipo mapigano yanapata uhai.

Sisi watu wa Tanga tuna mfano wetu. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, kupambana na watu kama 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Walishuka upande wa Raskazone, wakaingia kwenye vichaka na mashamba, na milio ya risasi ikawachafua nyuki. Nyuki wakauma pande zote mbili. Hawakushinda vita wao. Yapo mengi mengine yaliyowafanya Waingereza warudi melini na kuacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Lakini fikiria askari aliyepangwa mstarini, adui yuko mbele, na mikono yake yote miwili inahangaika na nyuki. Hajauawa, ila kwa dakika hizo kazi aliyoijia haifanyiki. Hicho ndicho ninachokitaka kwa koboldi.

Kwa hiyo pango la jana nililitengeneza nikikumbuka Mapango ya Amboni: mawe ya chokaa, popo, na njia zinazobana hadi mtu anainama. Mashujaa walikuwa na mfuko wa dawa za kuponya, umebebwa na kuhani anayechezeshwa na binamu yangu. Koboldi hawakuwa na haja na mtu yeyote. Wanne walimsonga shemeji ili asigeuke, wawili wakazima mienge, mmoja akaukata mkanda wa mfuko na kukimbilia kwenye tundu. Shemeji angeweza kumfuata, lakini mwenye deraya akijibana kwenye tundu lile anapigana kwa dadu mbili na kuchukua ndogo, na maadui wanampiga kwa dadu mbili na kuchukua kubwa. Akasimama. Meza nzima ikaanza kusemezana kwa pamoja. "Mfuate!" "Usimfuate, shem, watakumaliza humo!" Binamu yangu alishaanza kuhesabu dawa zilizobaki. Joka halijawahi kunipa zogo la namna ile, maana kwa joka kila mtu anajua la kufanya: piga hadi lianguke.

Mnyonge pia lazima aogope. Mwenye pointi 5 za uhai akiona wenzake watatu wameanguka hana sababu ya kubaki, na mimi simbakizi. Anakimbia, anajificha, anatupa kisu chini na kuomba. Naona hili ni jambo la heshima kwa wachezaji kuliko maelezo yoyote ya ushujaa wao, kwa sababu wanaiona nguvu yao machoni mwa mtu mwingine. Wakimwachia, anapeleka habari. Wakimuua akiwa amepiga magoti, meza inanyamaza kidogo, na kunyamaza huko nako ni sehemu ya hadithi.

Kwenye ramani nawaweka kwa kete za bao. Hazigharimu kitu na zinasogezwa kwa konzi. Dadu za kundi moja nazirusha kwa mkupuo, dhidi ya mtu mmoja, kisha naendelea. Zamu ya koboldi wote isizidi zamu ya mchezaji mmoja. Hilo nalisimamia kwa ukali, kwani hofu haikai pale watu wanapokaa wakingoja.

Mfuko wa dawa bado uko kwao. Kuna koboldi mmoja aliyejisalimisha, na binamu yangu ameshaniambia kwamba kuhani wake atamfunga jeraha kabla ya kumuuliza lolote. Wiki ijayo koboldi huyo atakubali kuwaonyesha njia, kwa sharti kwamba kaka yake, ambaye ndiye aliyeuchukua mfuko, asiguswe. Shemeji bado hajaambiwa.