Nilivyoyamudu maneno ya Kiingereza ya ulevi na furaha

Natafsiri maandishi yanayopita chini ya filamu za Kiingereza, na hakuna maneno yaliyonitoa jasho kama ya ulevi. Kuna “drunk”, “tipsy”, “plastered”, “hammered”, “legless”, “wasted”, na kila ukifungua kamusi unakutana na jibu lilelile: amelewa. Ukiandika “amelewa” kila mahali, mtu aliyechangamka kwa glasi mbili anakuwa sawa na anayebebwa mzegamzega.

Kukariri hakufui dafu, maana maneno haya hayana mwisho. Januari 1737 Benjamin Franklin, mwandishi na mchapaji wa Marekani, alichapisha katika gazeti la Pennsylvania Gazette orodha ya semi za ulevi zaidi ya 200, na wenye lugha hawajaacha kubuni. Siku hizi Waingereza huchukua karibu nomino yoyote, wakaibandika “-ed” na kuitanguliza “absolutely”, na kila anayesikia anaelewa kwamba jamaa kalewa. Basi nikaziweka orodha pembeni, nikawa najiuliza mambo mawili tu: neno linachora picha gani, na anayelisema ni nani.

Picha inayojirudia zaidi ni ya kipigo. “Hammered” ni kugongwa nyundo, “smashed” ni kuvunjwavunjwa. Hayo nayapeleka kwenye “amelewa chakari” au “yuko bwii”, kutegemea kinywa kinachosema. “Legless” hana miguu, yaani hata kusimama hawezi. Kwa “tipsy” na “merry” neno kulewa silitumii kabisa. Naandika kwamba pombe imeanza kumpanda kichwani, au kwamba amechangamka.

Kuhusu msemaji, kwanza naangalia filamu imetoka wapi. Mwingereza akisema mtu yuko “pissed”, mtu huyo amelewa. Mmarekani akilitamka neno hilohilo, mtu amekasirika. Katika nchi zote mbili ni lugha ya mtaani, si ya kumwambia mkwe.

Furaha nayo ina picha yake: kupanda na kushuka. Mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walieleza mwaka 1980 jinsi Kiingereza kinavyoiweka furaha juu na huzuni chini. “Elated” asili yake ni Kilatini, kuinuliwa. “Depressed” ni kugandamizwa, “dejected” ni kutupwa chini. “High” huchukua pande mbili, mwenye furaha tele na aliyelewa dawa. Kocha wa Uingereza aliyeshinda mechi husema yuko “over the moon”. Mwezi nauacha hukohuko, naandika “nina furaha isiyo kifani”. Akifungwa, atasema yuko “sick as a parrot”, na kasuku huyo naye simleti kwetu. Ila akisema yuko “gutted”, kama aliyetolewa matumbo, hapo napata raha ya kazi, kwa sababu sisi pia uchungu wa namna hiyo tunaupeleka tumboni: “matokeo haya yamenikata maini.” Sekunde mbili za maandishi, na hakuna kilichopotea. “Drunk with power” ni rahisi zaidi, kulewa madaraka, neno kwa neno.

Kinyume cha ulevi ndicho kilichonichukulia muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu Kiingereza kinatenganisha watu ambao sisi tungesema tu hawajalewa. “Teetotal” ni asiyekunywa kabisa. Neno hilo huhusishwa na Richard Turner wa Preston, Uingereza, na hotuba yake ya mwaka 1833. Aliye “on the wagon”, msemo wa Marekani uliotokana na magari ya kubeba maji, alikuwa akinywa, sasa ameacha. Akikaribishwa glasi akajibu hivyo, “sinywi” haitoshi, inamfutia historia yake. Naandika “nimeacha pombe”, na mtazamaji anajua kuna kisa nyuma yake.

“Sober” lina hali zaidi ya moja. Dereva aliye “sober” hajalewa, ana akili zake timamu. Mtu “akisober up” asubuhi, amelevuka, na nawasihi watafsiri wenzangu walitumie neno hili kulevuka, kwa sababu tunalo na linakaa kimya kwenye kamusi. Lakini mhusika akisimama mbele ya wenzake wanaopambana na uraibu akasema “I’ve been sober for five years”, habari si za usiku mmoja tena. Hapo naandika: “Mwaka wa tano huu sijagusa pombe.”