Gololi au rola: jinsi ya kuchagua beringi na kuifunga bila kuiua

Chukua beringi mbili dukani, 6204 na NU204. Zote zina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14. Ukizipima kwa kalipa hutaona tofauti. Lakini ya kwanza ina gololi ndani na ya pili ina rola, na pete za NU204, ya ndani na ya nje, huteleza kando na kuachana bila kuzuiwa na chochote. Ukiiweka kwenye gurudumu la pikipiki mahali pa 6204, gurudumu litacheza kushoto na kulia mpaka lipate kitu cha kusaga. Kwa hiyo usinunue beringi kwa vipimo peke yake.

Tofauti yote inatokana na namna chuma kinavyogusana na chuma. Gololi hugusa mfereji wa pete kwenye nukta ndogo sana. Rola hugusa kwa urefu wake wote, kama mti wa kusukumia chapati unavyolala juu ya donge. Nukta ndogo maana yake ni msuguano mdogo na uwezo wa kuzunguka kwa kasi kubwa bila kupata joto, na ndiyo maana mota za umeme na altaneta nyingi hutumia gololi. Mstari mrefu maana yake ni uzito mwingi zaidi: NU204 za muundo wa kisasa hubeba takribani mara mbili ya 6204. Upande wa pili, mfereji wa 6204 una kina, hivyo gololi zake hustahimili pia msukumo wa pembeni, wa kushoto na wa kulia, ilimradi usiwe mkubwa mno.

Uzito ndio unaoua beringi nyingi kabla ya wakati, na hesabu yake ni kali. Mzigo ukiongezeka mara mbili, beringi ya gololi hubaki na moja ya nane ya uhai wake. Ya rola hubaki na takribani moja ya kumi. Rola huanza na akiba kubwa zaidi, lakini nayo haisamehe. Bodaboda inayopakia mishikaki kila siku haipotezi nusu tu ya uhai wa beringi za gurudumu la nyuma, inapoteza sehemu yake kubwa.

Kuna aina ya tatu ambayo kila mwenye pikapu au trela anapaswa kuifahamu, nayo ni rola zenye umbo la koni. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hataza yake mwaka 1898. Gari linapokata kona, ekseli hupata uzito kutoka juu na msukumo wa pembeni kwa pamoja, na rola za koni hubeba yote mawili. Ila kila moja huzuia msukumo wa upande mmoja tu, kwa hiyo hufungwa mbili zikielekeana: kubwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ndogo nje. Pete ya nje na koni yake, yaani pete ya ndani yenye rola, huchakaa pamoja. Koni mpya kwenye pete ya zamani yenye vidonda itakufa haraka, hata kama duka limekuuzia spea halisi.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Kanuni ni moja: gonga pete ile inayobana. Beringi ikiingia kwa kubana ndani ya habu, sukuma pete ya nje. Ikibana kwenye shafti, sukuma ya ndani. Ukigonga pete nyingine, nguvu yote ya nyundo inapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye mfereji. Vishimo hivyo huvioni, lakini utasikia mlio baada ya muda mfupi. Tumia bomba au soketi yenye kipenyo kinacholingana na pete, usitumie patasi upande mmoja. Kama inakataa kuingia kwenye shafti, pasha beringi isiyo na sili (vifuniko vya mpira vya pembeni) ndani ya oveni au mafuta hadi kama nyuzi 110 za Selsiasi. Moto wa gesi wa moja kwa moja huharibu ugumu wa chuma.

Kwenye gurudumu la pikipiki kuna bomba fupi katikati ya beringi mbili, spesa. Fundi mwenye haraka hulisahau, au hulitupa likiwa limepata kutu. Bila spesa, ukikaza nati ya ekseli pete za ndani zinavutwa kuelekeana, gololi zinapanda ukingo wa mfereji, habu inapata moto na beringi mpya inakufa mapema. Ingiza beringi ya upande mmoja hadi ikae kabisa, weka spesa, kisha ingiza ya pili mpaka iguse spesa tu. Spesa isilegee, wala isibanwe hadi gurudumu liwe zito.

Shingo ya usukani wa pikipiki ni kisa tofauti. Pale gololi hazizunguki mzunguko kamili, zinatikisika mahali pamoja huku mashimo ya barabara yakizipiga. Baada ya muda zinachimba vishimo, na usukani unakwama ukiwa katikati. Kwa barabara za vumbi na mawe, seti ya rola za koni ni uamuzi bora kuliko kubadilisha gololi kila mara, ilimradi seti iwe ya modeli yako.

Baiskeli ya kawaida bado ni eneo la gololi huru. Habu ya mbele kwa kawaida hula gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4. Badilisha zote kwa pamoja. Gololi mpya ikichanganywa na zilizopungua, hiyo moja itabeba mzigo wa wenzake.

Namba nazo zina maana. Kwenye namba kama 6204, tarakimu mbili za mwisho hutaja tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 zidisha kwa 5. Beringi yenye 2RS mwishoni mwa namba ina sili za mpira pande zote mbili, inafaa kwa tope. Yenye ZZ ina vifuniko vya chuma, inazuia vumbi kiasi lakini maji hupita.

Kurekebisha rola za koni kwenye habu ya gari kunahitaji utulivu. Shindilia grisi ya lithiamu katikati ya rola, lakini usijaze habu nzima, grisi ikizidi huchemka. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili rola zikae sawa, ilegeze, kisha ikaze kwa vidole tu na ufunge pini mpya. Baadhi ya magari hutaka beringi ibanwe kidogo, kwa hayo fuata kitabu chake. Endesha kilomita chache, simama, gusa habu. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza na breki hazijashika, rudi ulegeze.