Barua Haziendi Benki: nilivyopanga upya bajeti na malengo ya kozi fupi chuoni

Nilipokabidhiwa uratibu wa kozi fupi katika idara ya elimu endelevu ya chuo kikuu kimoja cha umma jijini Dar es Salaam, nilikuta malengo yameandikwa vizuri na bajeti imepitishwa bila maswali. Shida ni kwamba viwili hivyo havikuwa vikisalimiana. Lengo lilisema tutaendesha kozi 24 kwa mwaka. Bajeti ilitaja mapato ya kozi fupi kwa jumla moja tu, na jumla hiyo ilikuwa ya mwaka uliopita ikaongezwa asilimia kumi. Hapakuwa na mstari uliosema kozi ipi italeta shilingi ngapi, mwezi gani, kutoka kwa nani.

Kwa asiyejua shughuli zetu: mishahara yetu inalipwa na serikali, lakini kozi fupi hazina ruzuku, zinajilipia zenyewe. Mshiriki, au mara nyingi mwajiri wake, analipa ada. Sisi tunatafuta ukumbi, wawezeshaji, chai, chakula cha mchana, makabrasha na vyeti. Ada inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, idara haigusi hata senti. Tukitaka kutumia, tunaandika dokezo na kusubiri. Kwa hiyo mtu anaweza kuendesha kozi miaka na miaka bila kujua kama inaleta faida au inakula fedha, maana anayepokea si yeye na anayelipa si yeye.

Nilianza na kozi moja badala ya bajeti nzima. Nilichukua kozi ya usimamizi wa miradi, ya siku tano, ada shilingi 500,000 kwa kila mshiriki. (Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili hesabu isomeke, ila uwiano ndio ule ule.) Kwanza nikatenga gharama ambazo hazijali watu ni wangapi. Ukumbi shilingi 750,000 kwa siku zote tano. Wawezeshaji saa 30 kwa shilingi 60,000 kila saa, yaani 1,800,000. Mratibu na msaidizi wake 600,000, na matangazo 350,000. Jumla shilingi 3,500,000, aje mtu mmoja au waje thelathini. Kisha zikaja gharama zinazomfuata kila kichwa: chai na chakula 125,000 kwa siku tano, begi na makabrasha 35,000, cheti 10,000. Hizo ni 170,000.

Ukitoa 170,000 kwenye ada, zinabaki 330,000 za kupunguza ule mzigo wa 3,500,000. Ukigawanya unapata watu 11. Na kweli, idarani kila mtu alikuwa anaamini kwamba kozi ikipata watu kumi na kitu iko salama. Kilichosahaulika ni mgawo wa chuo. Chuo kinachukua asilimia 20, na kinaichukua kwenye ada nzima kabla gharama yoyote haijatolewa. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa kila mshiriki, inayoondoka hata kama kozi imekula hasara. Zinabaki 230,000. Gawanya tena: unahitaji watu 16.

Kati ya 11 na 16 ndiko fedha za idara zilikokuwa zikipotelea. Chukua kozi yenye washiriki 12. Mapato ni 6,000,000. Chuo kinachukua 1,200,000, washiriki wanakula na kubeba makabrasha ya 2,040,000, gharama za msingi ni zile zile 3,500,000. Jumla 6,740,000. Washiriki wameridhika, picha ya pamoja imepigwa mbele ya jengo la utawala, taarifa ya robo mwaka imeandika "lengo limefikiwa", na idara imeingia pungufu la 740,000 linalozibwa na ada za kozi nyingine. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo kwa mwaka, unakuja kujiuliza mbona wawezeshaji wa Mei hawajalipwa hadi Agosti.

Jedwali hilo nililipeleka kwa mhasibu wetu, dada mpole asiyependa maneno mengi. Akalisoma, akaniuliza kitu kimoja: "Kaka, hawa 16 ni waliolipa au walioleta barua?" Nikamwambia tunahesabu waliothibitisha kwa barua. Akacheka. "Barua haziendi benki."

Swali lake ndilo lililotuongoza kwenye utaratibu ninaouthamini kuliko yote tuliyofanya. Kila kozi ilipewa siku ya uamuzi, iliyoandikwa kwenye bajeti yenyewe pembeni ya jina la kozi. Siku kumi za kazi kabla ya kuanza, orodha ya waliolipa inachapwa kutoka kwenye mfumo. Wakiwa 16 au zaidi, tunaendelea. Wakiwa kati ya 12 na 15, tunapunguza gharama zinazopungua, kwa mfano tunahamia darasa la chuo lisilokodishwa, na tunapiga simu kwa waajiri waliokawia. Chini ya 12, kozi inasogezwa au inaunganishwa na nyingine, na walioshalipa wanapewa taarifa siku hiyo hiyo pamoja na tarehe mpya. Taasisi iliyotoa LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, tunaihesabu kama imelipa, kwa sababu fedha imeshafungwa kwenye kasma yake, yaani fungu lake la bajeti. Hilo lilikuwa pendekezo la mhasibu, na bila hilo tungefuta nusu ya kozi za watumishi wa umma, maana malipo yao yanafika baadaye.

Walimu hawakulipokea kwa vigelegele. Daktari mmoja, mwalimu mzuri sana ambaye kozi yake ilikuwa na barua 22 na walipaji tisa, aliniambia nimegeuza chuo kuwa stendi ya mabasi, gari haliondoki mpaka lijae. Nilimjibu kwamba gari la kwake limekuwa likiondoka na abiria tisa kwa nauli za wenzake. Alinuna. Kozi tukaisogeza hadi Novemba, na ikajaa.

Kwa nini barua zilizidi malipo ni jambo lililonichukua muda kulielewa, na naona vyuo vingi bado havilitazami. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Sisi tulikuwa tunachapa kalenda ya kozi mwezi Julai, tukidhani tunaanza mwaka pamoja na wateja. Lakini afisa utumishi wa halmashauri au wakala wa serikali anaandaa mpango wake wa mafunzo wakati bajeti ya mwaka unaofuata inaandaliwa, mara tu Wizara ya Fedha inapotoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na kazi hiyo inashika kasi kuanzia Novemba hadi Februari. Kozi yetu ikimfikia Julai, yeye kasma yake imeshapangwa. Atakuandikia barua ya heshima, tena atataja majina ya watumishi watatu, lakini fedha hana. Ndiyo maana barua zilikuwa nyingi kuliko malipo.

Sasa kalenda inatoka mapema Oktoba, na ni ya kozi za mwaka wa fedha unaofuata. Ina ada, tarehe na maelezo mafupi ambayo afisa utumishi anaweza kuyanakili kwenye mpango wake kama yalivyo. Hili la mwisho linaonekana dogo. Mimi nadhani limetuletea watu wengi kuliko matangazo ya redio tuliyokuwa tunalipia.

Malengo nayo yakabadilika sura. Badala ya kozi 24 tukaweka kozi 15 na viti 300 vilivyolipiwa, vikagawanywa kwa robo kufuatana na mifuko ya wateja inavyopumua. Julai hadi Septemba tunategemea viti 40 tu, maana fedha za mwaka mpya ndiyo kwanza zinaanza kutoka. Oktoba hadi Desemba 100. Kipindi hicho wamo pia wahasibu na wahandisi, ambao bodi zao zinawataka waonyeshe mafunzo waliyohudhuria mwaka huo na ambao hukumbuka jambo hilo Desemba ikibisha hodi. Januari hadi Machi 60, wengi kutoka benki na mashirika binafsi ambayo mwaka wao unaanza Januari. Aprili hadi Juni 100, kipindi ambacho taasisi za umma hazitaki kufunga mwaka na fedha za mafunzo mkononi. Mwezi wa Ramadhani tunauangalia kwanza kabla ya kuweka kozi yoyote ya siku nzima. Unasogea kila mwaka, kwa hiyo kunakili kalenda ya mwaka jana hakufai.

Upande wa matumizi siutolei maelezo marefu, kila aliye serikalini anaujua. Ununuzi wa chakula na vifaa unapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo kisichokuwemo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka kitakusumbua siku washiriki wanakaa mezani. Malipo yanapita MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Masurufu, yaani fedha unayopewa mapema kwa kazi fulani, ambayo hayajarejeshwa yanazuia masurufu mapya, basi tukakubaliana kwamba mratibu wa kozi harudi kwenye kozi nyingine kabla stakabadhi za ile ya kwanza hazijamfikia mhasibu. Kanuni hiyo haipendwi, lakini inafanya kazi.

Mjadala mkali ulikuwa kuhusu maana ya idara yenyewe. Katika kikao cha malengo, mama mmoja aliyekaribia kustaafu alituuliza kama elimu endelevu sasa imekuwa duka. Akatukumbusha kwamba Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, mwaka 1963 ikawa sehemu ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na haikuanzishwa kuuza viti. Akataja mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kulikuwa na kozi mbili alizozilea yeye, moja ya utunzaji wa hesabu kwa viongozi wa vikundi vya akina mama wa sokoni, nyingine ya wasindikaji wadogo wa vyakula. Ada zao haziwezi kufika 500,000 hata wakichanga ukoo mzima. Kwa kigezo changu cha watu 16, zote mbili zilikuwa za kufutwa.

Nilimwomba anisaidie kukokotoa zinagharimu kiasi gani hasa. Tukaona kwa pamoja kwamba hasara yake kwa mwaka inazidiwa na ile ya kozi moja ya kifahari iliyokuwa ikiendeshwa hotelini na washiriki wanane. Ile ya hotelini tukaifuta. Kozi za mama tukazipa kasma yake, ikaitwa huduma kwa jamii, ikawekewa kiasi kinachojulikana, na ikaandikwa kwamba inachangiwa na ziada ya kozi tatu zilizotajwa kwa majina. Nikiulizwa na mkaguzi kwa nini kozi hizo zinakula fedha, ninafungua ukurasa. Zamani zingetajwa kama kozi zilizoshindwa. Siku hizi zina malengo yao, yakiwemo ya wangapi bado wanaandika daftari la mauzo miezi sita baada ya mafunzo, na mama ndiye anayekwenda sokoni kuyahakiki.

Hesabu nyingine ilitulazimu tutoke nje ya Dar es Salaam. Viwango vya posho ya kujikimu vya watumishi wa umma vilipopandishwa kuanzia Julai 2022, watumishi walifurahi, na walistahili. Lakini mwajiri anayemtuma mtu kutoka Mbeya kwa kozi ya siku tano alianza kuona kwamba posho na nauli ni kubwa kuliko ada yetu. Alichofanya ni kutuma mmoja badala ya watatu. Tukageuza: wawezeshaji wawili wanakwenda Dodoma, ziliko wizara, au Mwanza, washiriki wanalala nyumbani kwao. Posho ya wawezeshaji wawili inaongeza gharama za msingi, na idadi ya kurudisha gharama inapanda hadi kama watu 20 kwa ada ile ile. Hata hivyo Dodoma kuwapata 20 ni rahisi kuliko Dar es Salaam kuwapata 16.

Mwaka huu kuna pendekezo kutoka juu kwamba mgawo wa chuo upande kutoka asilimia 20 hadi 25. Silipingi moja kwa moja, chuo nacho kina bili ya umeme. Nimeandika dokezo lenye jedwali la ukurasa mmoja: kwa asilimia 25, kinachobaki kwa kila mshiriki ni 205,000, na kozi inahitaji watu 18 badala ya 16. Kozi nne kati ya 15 hazijawahi kufikisha 18. Nimependekeza mambo mawili wachague moja: mgawo ubaki asilimia 20, au uwe 25 lakini utozwe baada ya gharama kutolewa. Nimeomba jibu kabla ya Septemba kuisha, kwa sababu kalenda inakwenda kiwandani wiki ya kwanza ya Oktoba na ada zikishachapwa hazibadiliki mpaka mwaka wa fedha unaofuata uishe.