Nilivyorudishwa Darasani Ohio Kujifunza Kufundisha

Nilipokuja Ohio, Marekani, kusomea shahada ya uzamivu ya hisabati, ada na posho yangu vilitegemea kazi ya ualimu msaidizi, yaani kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa nilikuwa nimeshafundisha sekondari Morogoro kwa miaka mitatu. Kumbe mgeni hakabidhiwi darasa kabla ya kupimwa usemaji wake. Katika miaka ya 1980, kutokana na malalamiko ya wanafunzi na wazazi kwamba walimu wa kigeni hawaeleweki, majimbo kadhaa, yakiwemo Florida na Ohio, yalitunga sheria zinazovitaka vyuo vihakikishe Kiingereza cha walimu hao. Nilipungukiwa alama chache, nikapangiwa mafunzo ya muhula mzima.

Zoezi kubwa lilikuwa kufundisha somo la dakika kumi mbele ya wenzetu, wengi wao Wachina, Wahindi na Wairani, huku tukirekodiwa, kisha kuitazama video pamoja na mkufunzi. Katika video yangu ya kwanza nilikuwa nikizungumza na ubao, wanafunzi nimewapa mgongo. Baya zaidi, nilisema "hii inaitwa para…" nikanyamaza, nikingoja darasa zima limalizie "bola!" (parabola, aina ya mstari uliopinda) kama tulivyozoea nyumbani. Hakuna aliyefungua mdomo. Mkufunzi akanieleza kwamba huku mwanafunzi huulizwa swali kamili, kisha mwalimu huvumilia ukimya kwa sekunde tano au zaidi. Sekunde tano za ukimya mbele ya watu ni ndefu, asikwambie mtu.

Hata neno lenyewe nilikuwa nikilikosea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nami nikawa nayatendea hivyohivyo maneno ya Kiingereza, nikitamka "paraBOla" pale wanapotamka wao "paRAbola". Nililiona jambo dogo, hadi nilipokumbuka kwamba hata kwetu "baraBAra" ni njia ya magari, ilhali "baRAbara" ni sawasawa kabisa.

Hata hivyo, kosa si la ulimi peke yake. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin alichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa Kimarekani walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya mwanamke aliyekulia Ohio hiihii. Walioonyeshwa picha ya mwanamke Mzungu kana kwamba ndiye msemaji walielewa vizuri. Walioonyeshwa picha ya mwanamke wa Kiasia walisikia lafudhi ya kigeni, na waliyoyashika yakawa machache. Sauti ilikuwa ileile. Kwa maoni yangu, wanafunzi nao wangetengewa walau saa moja ya kufundishwa kusikiliza, lakini mafunzo yote tunapewa sisi.

Muhula uliofuata nilikabidhiwa darasa la wanafunzi 28, na siku ya kwanza nikatamka "paRAbola" bila kujikwaa. Jioni nikampigia simu dada yangu Morogoro kumsimulia. Alinisikiliza kidogo, kisha akaniuliza mbona siku hizi nabana pua.